Kuziba Mvuke Kwenye Rodi ya Pistoni ya Garimoshi: Anza na Rodi, Malizia na Gilandi

Mvuke unaofoka pale rodi ya pistoni inapotokea nyuma ya silinda hauchafui mandhari tu. Ni makaa na maji yanayopotea kila mzunguko wa gurudumu. Ni maji ya moto yanayoosha oili kwenye miongozo ya krosihedi (kipande kinachoteleza, kinachoiunganisha rodi na mkono wa gurudumu) na kuiacha ikisagana chuma kwa chuma. Mvuke ukizidi, dereva haoni mbele. Kwa hiyo fundi akiitwa, jambo la kwanza linalomjia ni kuchukua spana na kukaza nati za gilandi, kile kipande kinachoibana pakingi (pete za kuzibia) kuizunguka rodi. Mvuke unapungua siku hiyo, kesho unarudi, anakaza tena, na baada ya muda mfupi pakingi imeungua na rodi imechorwa mistari ambayo hakuna pakingi itakayoiziba.

Gilandi haizibi kwa kukazwa. Kinachoziba ni rodi iliyonyooka, yenye unene mmoja na uso laini, inayopita katikati ya boksi la pakingi bila kuyumba. Pakingi inamalizia kazi hiyo tu. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana. Usipolishika, utabadilisha pakingi maisha yako yote.

Kilichomo ndani

Silinda ya garimoshi hupokea mvuke pande zote mbili za pistoni, mbele na nyuma kwa zamu, kwa hiyo ncha zote mbili zimefungwa kwa vifuniko. Kifuniko cha nyuma lazima kiwe na tundu la kupitishia rodi inayokwenda kwenye krosihedi. Injini za Newcomen, zile za mvuke za mwanzo, hazikuwa na shida hii, kwa sababu silinda zake zilikuwa wazi juu na maji yalimwagwa juu ya pistoni ili kuziba. James Watt ndiye aliyeifunika silinda na kuipitisha rodi kwenye boksi la pakingi, na tangu hapo tumebaki na kazi ya kuziba kitu kinachotembea.

Ukianza kutoka ndani ya silinda kuja nje, unakutana kwanza na bushi ya shingo, kijibomba kifupi kilichoizunguka rodi, ambayo kwa kawaida ni ya bronzi na imeikaribia rodi sana. Kisha zinafuata pete za pakingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Mwisho ni gilandi yenyewe, kile kipande kinachozisukuma pete kwa kuvutwa na stadi (skrubu zisizo na kichwa) mbili au tatu na nati zake. Gilandi inasukuma kwa urefu, pakingi inabanwa, inatafuta pa kwenda, inatanuka kuelekea kwenye rodi na kwenye ukuta wa boksi. Hivyo ndivyo mvuke unavyozuiwa.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaliwazii. Nguvu ya gilandi haifiki sawasawa kwenye pete zote. Kila pete inakula sehemu ya nguvu hiyo kwa kusuguana na ukuta na rodi, kwa hiyo pete iliyo karibu na gilandi ndiyo inayobanwa zaidi, na iliyo ndani kabisa hupata kidogo sana. Pete za nje ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kuziba, na ndizo zinazokwisha mapema. Ndiyo maana kuongeza pete ya sita au ya saba hakuongezi uzibaji, kunaongeza msuguano tu. Nne au tano zinatosha.

Jambo jingine: gilandi inazuia njia zote mbili. Injini inapoteremka mlima regyuleta (vali ya kupeleka mvuke kwenye silinda) ikiwa imefungwa, pistoni inafanya kazi kama pampu na kuvuta hewa. Gilandi iliyolegea itavuta vumbi la njiani moja kwa moja hadi kwenye pakingi na rodi. Mchanga ukishajizika kwenye pakingi, unaila rodi kila inapokwenda na kurudi.

Hakikisha kwanza ni gilandi inayovuja

Mvuke wa eneo lile unaweza kutoka kwenye gesketi ya kifuniko, kwenye koki za kutolea maji, au kwenye gilandi ya spindo ya vali iliyo karibu. Usifungue kitu kabla ya kujua.

Simamisha injini ili kwenki (pini ya gurudumu inayosukumwa na mkono wa rodi) ya upande unaoupima iwe juu kabisa au chini kabisa, hapo pistoni iko karibu na katikati ya silinda. Funga breki barabara na uweke kabari kwenye magurudumu, mbele na nyuma, kwa sababu injini itataka kuondoka. Silinda zikishapata joto na maji kuisha, funga koki, peleka liva ya kugeuzia mwendo mbele kabisa, kisha fungua regyuleta kidogo sana. Mvuke utaingia upande mmoja wa pistoni. Tazama. Funga regyuleta, peleka liva nyuma kabisa, fungua tena, na mvuke utaingia upande wa pili. Kama uvujaji unatokea tu mvuke unapoingia upande wa nyuma, basi ni gilandi au kifuniko cha nyuma. Kama unatokea kwa nafasi zote mbili za liva, mvuke unapita kwenye ringi za pistoni au kwenye vali, na kukaza gilandi hakutakusaidia chochote.

Kujua ni wapi hasa, funga kipande cha karatasi ngumu kwenye mti mrefu na ukipitishe taratibu kuzunguka eneo lile. Usitumie mkono. Mvuke wenyewe hauonekani kwa macho. Lile wingu jeupe ni matone ya maji yaliyokwisha kupoa. Palipo na mvuke mkali zaidi, sentimita chache kutoka kwenye tundu, utaona kama hakuna kitu.

Kabla hujashika spana

Boila iwe haina presha kabisa. Regyuleta iliyofungwa si kinga, kwa sababu nyingi hupitisha mvuke hata zikiwa zimefungwa. Koki za silinda ziwe wazi, liva iwe katikati, breki ya mkono imefungwa, kabari zipo, na kibao cha onyo kiwe kwenye regyuleta ili mtu mwingine asiiguse.

Kama injini ni ya zamani na hujui pakingi yake ni ya aina gani, ichukulie kuwa ni ya asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Usiikwangue ikiwa kavu, usiipulize kwa hewa ya kompresa, usiifagie. Kazi hiyo ni ya watu wenye vifaa na kibali chake. Hakuna garimoshi linalostahili mapafu ya mtu.

Hatua ya 1: Toa pakingi ya zamani, uisome

Legeza nati za gilandi kwa zamu, rudisha gilandi nyuma juu ya rodi na uifunge kwa waya isirudi. Toa pete moja moja kwa ndoano ya kutolea pakingi, ile yenye shingo inayopinda na ncha kama skrubu. Bisibisi iliyonolewa itafanya kazi hiyo pia, lakini itaichana rodi, na mchano mmoja wa kwenda na urefu wa rodi ni mfereji wa mvuke.

Zipange pete mezani kwa mpangilio uleule zilivyotoka, ya ndani kushoto, ya nje kulia, na uzikague kwa mwanga mzuri. Hapa ndipo utajua ugonjwa.

Pete iliyokauka upande wa rodi, nyeusi, ngumu, inayong'aa kama imepakwa rangi, imebanwa kupita kiasi au imekosa oili. Pete iliyoliwa upande mmoja tu, labda chini nyembamba na juu nzima, inakuambia rodi haipiti katikati. Ikiwa uzi wa pakingi umechomoza na kupenya kwenye nafasi ya bushi ya shingo, bushi hiyo imekwisha. Ikiwa pete ya nje imepondeka kama chapati huku zile za ndani ziko kama zilivyotoka dukani, aliyezipanga alizisukuma zote kwa mpigo mmoja. Na ukiona mstari safi, uliooshwa, unaopita pete zote mahali pamoja, basi maungio yalipangwa kwa mstari mmoja na mvuke ukapata njia iliyonyooka hadi nje.

Safisha boksi hadi chini kabisa. Mabaki ya pete ya zamani iliyoganda chini ya boksi yatainamisha kila pete utakayoweka juu yake.

Hatua ya 2: Pima rodi

Chukua mikromita na upime unene wa rodi sehemu inayofanya kazi ndani ya gilandi: mwanzo, katikati na mwisho wa safari yake, na kila mahali pima wima na mlalo. Rodi nyingi hupata kiuno. Sehemu inayopita gilandini mara kwa mara inakuwa nyembamba na zile za pembeni zinabaki nene. Rodi ya namna hiyo haina dawa ya pakingi. Ukikaza ili izibe kiunoni, itakaba kwenye ncha, na ukilegeza kwa ajili ya ncha, itavuja kiunoni. Kwenye injini ndogo yenye rodi ya milimita 6, tofauti ya milimita 0.05 tayari inatosha kukusumbua. Kwenye injini kubwa fuata kipimo cha mwisho kilichowekwa kwa aina hiyo ya injini.

Kisha pitisha ukucha kwenye uso wa rodi, kuizunguka na kwa urefu wake. Ukucha ukikwama, mvuke utapita. Michubuko midogo inaondolewa kwa jiwe la mafuta na msasa laini wenye oili. Msasa wa kupeleka juu na chini mahali pamoja tu unatengeneza kiuno kingine, kwa hiyo zungusha na utembee urefu wote. Mikwaruzo mikubwa inataka mashine ya kusaga. Lengo ni uso wenye ukwaruzo wa kama mikromita 0.4 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Ukiutazama unaona taa inaakisi, lakini bado unashika oili kidogo.

Kama una wasiwasi kwamba imepinda, itoe na uilaze kwenye vitalu viwili vya umbo la V, uweke saa ya kupimia juu yake na uizungushe taratibu. Kwenye injini kubwa hii ni kazi nzito, kwani lazima ung'oe kabari inayoishika rodi kwenye krosihedi, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha.

Hatua ya 3: Angalia mstari wa rodi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoua pakingi nyingi kuliko zote.

Rodi imeshikwa sehemu mbili: pistoni upande mmoja, krosihedi upande mwingine. Pistoni ni nzito na silinda imelala, kwa hiyo kwa miaka mingi pistoni inaila silinda upande wa chini na kushuka. Krosihedi nayo inaila miongozo yake. Matokeo yake rodi inainama, na kuinama huko kunabadilika kadiri inavyosafiri.

Gilandi ikiwa imerudi mahali pake bila pakingi, sukuma injini taratibu na usimame mara tatu: pistoni ikiwa mbele, katikati na nyuma. Kila mahali ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kati ya rodi na tundu la gilandi, juu, chini, kushoto na kulia, na uandike. Kama nafasi ya juu na ya chini zinabaki zilezile safari nzima lakini hazilingani, gilandi au kifuniko hakijakaa katikati. Kama zinabadilika kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari, tatizo ni krosihedi, miongozo au pistoni. Rekebisha hapo kwanza, kwa shimu (vibati vya kujazia nafasi), kwa kumwaga upya babiti (aloi laini ya beringi) kwenye viatu vya krosihedi, au kwa kuitoboa upya silinda. Gilandi yenyewe haipaswi kuigusa rodi hata kidogo. Ikiigusa, utaona alama ya shaba kwenye rodi upande mmoja.

Hatua ya 4: Chagua pakingi kulingana na joto

Joto la mvuke wa kawaida linakwenda pamoja na presha yake. Kwenye presha ya bari 7 mvuke una nyuzi kama 170 za selsiasi, na kwenye bari 14 unakaribia 198. Hapo pakingi laini zinafaa. Zamani zilikuwa za katani au pamba iliyoshindiliwa mafuta ya ng'ombe, kisha asbesto. Leo tunatumia uzi wa grafiti, uzi wa kaboni, au uzi wa tefloni.

Tefloni inateleza vizuri mno na inavumilia hadi nyuzi 260, lakini ina tabia mbili za kukumbuka. Inatanuka kwa joto kama mara 10 ya chuma, kwa hiyo gilandi iliyo sawa ikiwa baridi itakaba ikipata moto. Pia inatiririka polepole ikibanwa, hata bila joto, kwa hiyo itadai kukazwa tena na tena siku za mwanzo. Usiruhusu kamwe ipashwe kwa mwali wa moto, kwani moshi wake ni sumu.

Grafiti inapitisha joto vizuri, haitanuki hovyo, na joto la silinda haliitishi. Udhaifu wake ni kwamba inamong'onyoka. Mpangilio ninaoupenda ni pete za grafiti katikati, na pete moja ya uzi wa kaboni uliosukwa kila mwisho ili kuzuia makombo yasitoke.

Kwa mvuke uliopashwa zaidi, yaani uliopashwa moto tena baada ya kutoka kwenye maji ya boila, mambo yanabadilika kabisa. Mhandisi Wilhelm Schmidt alipoufanikisha kwenye reli za Prussia, Ujerumani, mwaka 1898, joto lilipanda hadi zaidi ya nyuzi 300, na pakingi zilizokuwa zikidumu zikawa zinaungua. Hata babiti, iliyotumika kwenye pakingi za metali za awali, inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 240. Injini za namna hiyo zinataka pete za chuma cha kusubu au bronzi ngumu. Nitazieleza chini.

Hatua ya 5: Kata pete

Unene wa pakingi ni kipenyo cha boksi kutoa kipenyo cha rodi, gawanya kwa mbili. Boksi la milimita 107 na rodi ya milimita 75 vinataka pakingi ya milimita 16. Ikiwa huna saizi hiyo kamili, usiigonge nyundo ipungue. Nyundo inakata nyuzi za ndani. Iviringishe kwa bomba zito juu ya meza mpaka ifikie.

Usiipime kwa kuizungusha kwenye rodi yenyewe na kuikata hapohapo, kisu kitaichana. Tafuta bomba au mti uliokerezwa wenye kipenyo sawa na rodi. Zungusha pakingi mizunguko mitano iliyogusana, bila kuivuta. Zungushia utepe mwembamba wa karatasi pale utakapokata, ili nyuzi zisifumuke. Kisha kwa kisu kikali sana kata kwa mshazari wa nyuzi 45, pigo moja safi kwa kila mzunguko. Ijaribu ya kwanza ndani ya boksi: ncha zikutane na kulaliana kwenye mshazari bila kuacha mwanya na bila kupandiana. Ikiwa fupi kwa milimita moja, itupe, maana kukaza hakutaurefusha uzi.

Kuna wanaoizungusha pakingi nzima kama springi ndani ya boksi, kipande kimoja kisichokatwa. Usifanye hivyo. Mvuke utaufuata ule mzunguko mpaka nje.

Hatua ya 6: Panga na ukaze

Paka kila pete oili ya silinda. Ili kuipitisha kwenye rodi usiipanue kwa kuvuta ncha mbali. Zipishanishe ncha, moja kwako na nyingine mbali nawe, ipite, kisha irudishe. Anza kuingiza ncha, halafu mgongo. Isukume hadi chini kabisa kwa bushi iliyopasuliwa vipande viwili, ya mbao ngumu au plastiki, kabla ya kuweka ya pili. Kila pete ishindiliwe peke yake, kwani hiyo ndiyo njia pekee ya kufikisha nguvu kwenye zile za ndani. Ungio la kwanza liwe juu, la pili chini, la tatu kushoto, la nne kulia.

Pete ya mwisho ikishaingia, gilandi lazima iingie ndani ya boksi kiasi cha kutosha isiinamie upande, na ibaki na nafasi ya kuendelea kuingia baadaye. Kaza nati kwa spana, kwa zamu, robo mzunguko kila moja, huku ukipima mwanya wa gilandi pande zote. Ukifika mahali pakingi imeshika, simama dakika chache. Kisha legeza nati kabisa, na uzirudishe kwa vidole tu.

Ndiyo, kwa vidole. Injini itatoka hivyo kwenye moto wake wa kwanza.

Hatua ya 7: Moto wa kwanza

Pasha silinda taratibu, koki zikiwa wazi, hadi maji yaishe. Maji yaliyofungiwa kwenye silinda hayabanwi, yanavunja. Endesha polepole na uache mvuke utoke kidogo gilandini. Pakingi mpya inajifunza umbo la rodi wakati huo, na ule unyevu unaipoza.

Kisha simamisha, funga regyuleta na breki, na ukaze kila nati sehemu moja ya sita ya mzunguko, yaani upande mmoja wa nati. Endesha tena dakika kumi hivi kabla ya kugusa tena. Rudia mpaka kibaki kiwingu chembamba tu au pasibaki kitu. Rodi yenye afya ina utando mwembamba wa oili, rangi ya chai nyepesi, urefu wake wote. Rodi iliyokauka, au iliyoanza kuwa na rangi ya buluu, imebanwa mno: legeza mara moja, hata kama inavuja. Kuvuja kidogo kunasubiri, lakini rodi iliyochanika haisubiri.

Pakingi za metali

Kwenye injini kubwa za mvuke uliopashwa zaidi hakuna cha kubana. Kuna pete za metali zilizokatwa vipande, mara nyingi vitatu, zimekumbatiwa na springi ya duara, na zinakaa huru ndani ya vikombe. Zinafuata rodi inapoyumba kidogo, na mvuke wenyewe ndio unaozisukuma ziibane rodi na ukuta wa kikombe. Kukaza nati za kesi yake hakuongezi uzibaji, kunaziba ungio la kesi na kifuniko tu.

Kwa kawaida zinakaa jozi. Pete moja imekatwa kuelekea katikati, na inakaa upande wa mvuke. Ya pili imekatwa kwa tanjenti, yaani mikato yake inapita kandokando ya rodi badala ya kuelekea katikati, na inakaa upande wa nje. Pini ndogo inazizuia mikato yake isikutane. Ukizigeuza, mvuke utapita moja kwa moja, na utatafuta kosa siku nzima.

Unapozifungua, weka namba kwenye kila kipande na usichanganye. Angalia mwanya kati ya vipande. Mwanya huo ndio akiba yao ya kuisha. Vipande vikishagusana, pete haiwezi tena kuikaribia rodi, na mvuke unatoka hata springi ikiwa nzuri. Hapo unapunguza ncha kwa tupa laini, sawasawa kila kipande, kama bado kuna nyama ya kutosha. Kisha paka rangi ya buluu ya kuangalizia kwenye rodi, vaa pete, izungushe kidogo, na uone inapogusa. Igwarue mpaka igusane karibu uso wote. Fanya vivyo hivyo kwa uso wa ubavuni unaokaa kwenye kikombe: usage kwenye bamba lililonyooka, kwani nusu ya uzibaji iko ubavuni, si kwenye rodi.

Springi iliyolegea au iliyokatika ndiyo sababu ya kawaida ya pakingi hizi kupiga kelele na kuvuja injini inapoanza kuondoka. Badilisha zote pamoja. Na rodi yenye kiuno inazitesa hizi zaidi ya pakingi laini, kwa sababu vipande vinafunguka na kufunga kila safari.

Injini ndogo na oringi

Wanaojenga injini ndogo za mvuke mara nyingi huacha uzi wa grafiti na kuweka oringi (pete ya mpira) ya vitoni, mpira unaovumilia joto. Kwa presha ndogo za boila zao inafanya kazi vizuri, mradi mfereji wake ukatwe kwa akili. Mpira unatanuka kwa joto zaidi ya metali. Ukiupa mbano wa asilimia 20 kama ule wa kifuniko kisichosogea, rodi itakaba ikipata moto. Mbano wa asilimia 10 au pungufu kidogo unatosha: oringi ya unene wa milimita 2 ibanwe milimita 0.2 tu, na mfereji uwe mpana kama mara 1.4 ya unene huo ili ipate pa kutanukia. Rodi iwe ya chuma cha pua, imeng'arishwa. Ncha yake ipunguzwe kwa mshazari, na skrubu ya ncha ifunikwe kwa kijibomba chembamba cha plastiki wakati wa kuipitisha, kwa sababu jino moja la skrubu linaikata oringi bila wewe kuona.

Oringi iliyoungua kwa moto wa tochi usiiguse kwa mkono mtupu. Vitoni ikiteketea hutoa asidi inayokula nyama.

Oili, na injini inapolala

Tumia oili ya silinda ya mvuke, nzito na iliyochanganywa na mafuta ya wanyama ili ishike kwenye metali yenye unyevu. Oili ya gari huoshwa mara moja. Hakikisha lubriketa (kifaa cha kulishia oili) inapeleka oili pamoja na mvuke, na utambi au kitambaa cha felti kilicho nje ya gilandi kiwe kimelowa kabla ya kila safari. Boila inayorusha maji itaharibu kazi yako yote, maana maji yake yanabeba chokaa inayosugua kama msasa. Ukiona rodi ina utando mweupe, nenda ukashughulikie maji ya boila.

Injini ikienda kulala kwa miezi, usiiache na grafiti iliyolowa kwenye rodi. Grafiti, unyevu na chuma vikikaa pamoja vinafanya kazi kama betri, na chuma ndicho kinacholiwa. Ukirudi utakuta vishimo vidogo vidogo kwenye pete ya urefu uleule wa boksi la pakingi. Hata chuma cha pua hakisalimiki. Toa pakingi injini ikiwa bado ina uvuguvugu, futa rodi, ipake oili nzito urefu wote, rudisha gilandi ikiwa tupu, na ufunge kibao kwenye regyuleta kinachosema boksi halina pakingi. Siku ya kuiamsha, kata pete mpya.